NCHI JIRANI: MTUMISHI ANAPORUDI DARASANI KUISOMA ARDHI YAKE



Askari hufundishwa mapema kwamba mpaka wa nchi ni kitu cha kulindwa usiku na mchana. Hufundishwa kuutambua kwa jiwe la alama, kwa mto na kwa kilele cha mlima. Na hufundishwa kwamba yeyote auvukaye bila idhini hana budi kusimamishwa na kuulizwa. Lakini wako wavukaji wasiosimama kwa amri ya mlinzi. Maji machafu ya mji hayangoji muhuri wa uhamiaji. Moshi hauombi ruhusa. Udongo uliochukuliwa na mvua katika milima ya nchi moja huenda kuzama katika ziwa la nchi nyingine. Na katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita, mmea mmoja wenye ua zuri la rangi ya zambarau uliteremka na maji ya Mto Kagera, ukaingia Ziwa Viktoria, na ukaziziba bandari bila kufyatua risasi hata moja.

Mmea huo ni gugu maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na uliletwa Afrika na watu walioupenda kwa ajili ya maua yake. Katika Ziwa Viktoria ulianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980; ulipofika mwaka 1998 ulikuwa umetanda juu ya maelfu ya hekta za maji. Penye joto na rutuba ya kutosha, gugu hilo huweza kuongezeka maradufu katika muda wa wiki mbili hivi. Katika bandari ya Kisumu, nchini Kenya, vyombo vilishindwa kutia gati. Port Bell, nchini Uganda, hali ikawa hiyo hiyo. Na huko Jinja, kwenye bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, mafundi walilazimika kuyaondoa magugu yaliyotishia njia za maji yanayoendesha mitambo ya umeme. Mvuvi akakosa pa kupitisha mtumbwi, mama akakosa pa kuchota maji, na konokono wanaoeneza kichocho wakapata maskani mapya.

Serikali za nchi hizo zilipouliza la kufanya, zilipewa majibu mengi yaliyopingana. Wako walioshauri gugu lipigwe sumu. Wako walioshauri ziletwe mashine za kulivuna na kulisaga. Wako walioshauri wafugwe wadudu wadogo jamii ya fukusi, ambao huko kwao Amerika ya Kusini ndio adui wa asili wa mmea huo. Kila jibu lilikuwa na mtaalamu wake, mwuzaji wake na mtetezi wake. Ikawa lazima mtumishi wa serikali akae mezani, asome maelezo yote hayo, ayapime, kisha atoe neno. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba nchi inaweza kuwa na ofisi, magari na mihuri, na bado ikapungukiwa na mtu aliyefundishwa kiasi cha kutosha kutofautisha ushauri na biashara.

Mazungumzo ya leo yanamhusu mtu huyo: mtumishi aliye kazini tayari, mwenye cheo, familia na miaka kadhaa ya utumishi, ambaye nchi yake inamrudisha darasani kusoma shahada ya uzamili au ya uzamivu katika sayansi ya mazingira. Nchi jirani zimekwenda mbali katika jambo hili. Yako waliyofanikiwa, na yako yaliyowashinda. Yote mawili yanawafaa watu waliokabidhiwa silaha na sheria.

Kwanza hapana budi kuumaliza mkasa wa gugu maji, kwa kuwa ndani yake limo somo zima. Uganda iliwaachia wadudu hao katika Ziwa Viktoria kuanzia mwaka 1995. Kenya ikafuata mwaka 1997, na Tanzania nayo ikawafuga na kuwasambaza. Kazi ya wadudu hao ni ya subira. Wale wakubwa hutafuna majani. Watoto wao hutoboa mashina na kuchimba njia ndani kwa ndani, mpaka mmea unajaa maji na kuzama. Kabla ya kuachiwa, ilibidi ithibitishwe kwa majaribio kwamba hawatahamia kwenye mazao ya mkulima. Baada ya miaka michache, kwa msaada pia wa mawimbi na mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998, magugu yalipungua sana. Watu wakashangilia, na wengine wakadhani vita vimekwisha.

Vita havikuwa vimekwisha. Ilipofika miaka ya 2006 na 2007 gugu lilirejea kwa nguvu katika Ghuba ya Winam, upande wa Kenya. Sababu yake ilikuwa dhahiri kwa aliyefundishwa kutazama jambo zima. Gugu maji hula naitrojeni na fosforasi. Chakula hicho huletwa ziwani na majitaka ya miji, na udongo wa mashamba yaliyolimwa bila makinga maji, na mbolea iliyosombwa na mvua. Fukusi anaweza kuua mmea. Hawezi kujenga mtambo wa kusafisha majitaka, wala hawezi kumshauri mkulima wa mlimani. Mtaalamu wa wadudu alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Aliyekosekana ni mtu wa kuunganisha wadudu, udongo, majitaka, fedha na sheria katika mpango mmoja.

Ziwa hilo hilo lilikuwa limekwisha kutoa onyo kama hilo miaka mingi nyuma. Katika miaka ya 1950, wakati wa utawala wa kikoloni, samaki aina ya sangara alipandikizwa ziwani upande wa Uganda. Nia ilikuwa kupata samaki mkubwa wa kuvuliwa na kuuzwa. Mwanasayansi Geoffrey Fryer alitoa hoja zake za kupinga mwaka 1960. Hazikuuzuia mpango. Baada ya sangara kuzagaa katika miaka ya 1980, aina nyingi mno za furu, samaki wadogo wasiopatikana mahali pengine duniani, zilitoweka. Ni kweli kwamba sangara alileta viwanda vya minofu na fedha za kigeni. Lakini ni kweli pia kwamba uamuzi ulitolewa na watu waliotazama samaki mmoja tu, na kwamba elimu iliyokuwapo haikuwa na kiti katika baraza lililoamua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na apuuzaye elimu, ziwa humuumbua.

Kutokana na mafunzo ya namna hiyo nchi jirani zilitunga sheria. Uganda ilipitisha sheria yake ya mazingira mwaka 1995 na kuunda mamlaka ya taifa ya kuisimamia. Kenya ikafanya hivyo mwaka 1999. Sheria hizo zilidai kwamba kabla ya kujengwa kiwanda, barabara kubwa, bwawa au machimbo, ifanyike tathmini ya athari kwa mazingira. Lakini sheria haijisomi yenyewe wala haijitekelezi yenyewe. Ilihitaji ofisa wa kuisoma tathmini hiyo na kugundua panapofichwa jambo. Ilihitaji mkaguzi, mwanasheria, mpimaji wa maji na mpimaji wa hewa. Kuwangoja vijana wamalize shule, wapate shahada ya kwanza, kisha wapate uzoefu wa kazi, kungechukua miaka kumi na zaidi. Njia ya haraka ilikuwa kuwachukua watumishi waliokwisha kuujua uwanja wa kazi na kuwaongezea elimu.

Makerere, chuo kilichoanza kama shule ya ufundi mwaka 1922, kilikuwa na taasisi yake ya mazingira na maliasili, ambayo kazi zake baadaye ziliingizwa katika koleji moja pamoja na sayansi za kilimo. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi karibu na Eldoret, kilichoanzishwa mwaka 1984, kiliunda shule ya mafunzo ya mazingira kwa ajili ya shahada za juu, ambamo mtu wa mipango, mtu wa afya na mtu wa uchumi walikutana katika chumba kimoja. Chuo Kikuu cha Nairobi kikaunda taasisi ya amani na mazingira yenye jina la Profesa Wangari Maathai, ambaye mwenyewe alipata shahada ya uzamivu katika chuo hicho mwaka 1971, akaanzisha harakati za kupanda miti mwaka 1977, na akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Kuyaunganisha maneno hayo mawili, amani na mazingira, katika jina la taasisi moja ni jambo ambalo askari hapaswi kulipita bila kulitafakari.

Mtumishi anayerudi darasani si sawa na kijana aliyetoka sekondari. Ana watoto wanaodai karo, na yeye mwenyewe anadaiwa karo. Ana kiti ofisini ambacho mwenzake anakitamani. Amezoea kutoa amri. Sasa anasahihishwa kazi yake na mhadhiri ambaye pengine ni mdogo kwake kwa umri. Hesabu za takwimu alizoziacha miaka 15 iliyopita zinamrudia kama deni la zamani. Aghalabu masomo ya darasani humchukua mwaka mmoja, na utafiti na uandishi wa tasnifu mwaka mwingine. Vyuo vingine huwapangia watumishi masomo ya jioni au ya mwisho wa juma. Vingine hutumia njia ya elimu ya mbali, ambapo mwanafunzi husoma kituoni kwake na kwenda chuoni kwa vipindi. Kila njia ina gharama yake. Asomaye jioni huenda darasani akiwa amechoka. Asomaye kwa mbali hukosa maabara na hukosa mwenzake wa kubishana naye. Aliyepewa ruhusa kamili ya masomo huiacha idara yake pungufu kwa muda wote huo.

Lakini faida yake ni kubwa kwa nchi inayojua kuitumia. Mwanafunzi wa aina hii huja na tatizo lake mkononi. Ofisa wa maji wa mji ulio kando ya ziwa hana haja ya kutafuta mada ya tasnifu vitabuni. Anaujua mto unaogeuka rangi kila kiwanda kinapofungulia maji yake usiku. Ofisa wa misitu anaijua njia ya wachoma makaa. Wakipewa vipimo, mbinu na msimamizi mwema, tasnifu yao huwa ripoti ya kazi ambayo serikali ingalipaswa kumlipa mgeni kuiandika. Na wakihitimu, wanarudi mahali ambapo wananchi wanawafahamu na njia zote za panya wanazifahamu wao.

Mfano wa kutia moyo kuliko yote unatoka katika nchi ambayo watu wengi hawangeutazamia. Mwezi Agosti 1998 vita vya pili vilizuka katika Jamhuri ya Kidemokrasi ya Kongo, na nchi ikagawanyika vipande. Mwaka uliofuata, 1999, wakati majeshi yakiwa bado medani, ilifunguliwa mjini Kinshasa, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Kinshasa, shule ya shahada za juu kwa ajili ya usimamizi wa misitu na ardhi ya nchi za joto. Shule hiyo, ijulikanayo kwa herufi ERAIFT, ilianzishwa kwa ushirikiano na UNESCO, nayo hupokea watumishi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Msingi wa mafundisho yake ni kwamba msitu hautazamwi kama hesabu ya magogo. Hutazamwa pamoja na mkulima anayeufyeka, mji unaoununua mkaa wake, mila za wenyeji, bei za sokoni na utawala wa eneo.

Sehemu mojawapo ya mafunzo yake ya vitendo ni hifadhi ya Luki, katika misitu ya Mayombe, si mbali na mji wa bandari wa Boma. Luki iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za binadamu na viumbehai mwaka 1976. Ndani yake mna kiini kinacholindwa, na kuzunguka kiini hicho wanaishi wanavijiji wanaolima na kukata kuni. Mwanafunzi aliyekuwa amezoea kuandika barua ya amri kwa mwanakijiji hujikuta ameketi na mwanakijiji huyo huyo, akimwuliza kwa nini anakata mti, anapata fedha kiasi gani, na angepanda nini iwapo angepewa mbegu. Huko Yangambi nako, kando ya Mto Kongo, magharibi ya Kisangani, kituo cha utafiti kilichokuwa mashuhuri tangu miaka ya 1930 kimepata uhai mpya. Mwaka 2020 ulisimamishwa hapo mnara wa mita 55 wa kupima hewa inayopumuliwa na msitu, na wasomi wa shahada za juu wa Kikongo wamepata mahali pa kufanyia kazi katika nchi yao wenyewe.

Hata hivyo si haki kueleza sifa na kuficha kasoro. Kasoro ya kwanza ni ya fedha. Mafunzo mengi ya namna hii yametegemea misaada ya nje, na msaada una tarehe ya mwisho. Mradi unapofungwa, nafasi za masomo hufungwa nao. Kasoro ya pili ni ya mtu kuondoka. Mhitimu mwenye shahada ya juu anahitajiwa na mashirika ya kimataifa, na mshahara wake wa serikali hauwezi kushindana na wao. Mkataba wa kumtaka arudi kutumikia kwa miaka kadhaa unasaidia, lakini mkataba haumpi mtu maabara, gari wala heshima kazini. Kasoro ya tatu ndiyo mbaya zaidi: wako wanaokwenda kutafuta cheti kwa ajili ya kupanda daraja, na wakishapandishwa hawaonekani tena kando ya mto. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nchi iliyojaa tasnifu makabatini na mito yenye sumu mabondeni haijasoma kitu.

Msikilizaji askari huenda akauliza: haya yananihusu nini? Jibu la kwanza limo katika historia ya jana tu. Mwishoni mwa mwezi Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, mkoani Kagera, katika muda wa saa 24 hivi. Mwezi Julai mwaka huo huo mamia kwa maelfu wengine wakaingia Goma, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Binadamu hao walistahili kuokolewa, na kila mmoja wao alihitaji maji, choo na kuni za kupikia. Goma ilisimama juu ya mwamba wa volkano, ambapo kuchimba choo ni kazi ngumu mno. Kipindupindu kikaingia, na watu wakafa kwa makumi ya maelfu katika muda mfupi. Hifadhi ya Virunga, iliyo jirani, ikapoteza mamia ya tani za kuni kila siku, na mwaka huo wa 1994 ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kamanda aliyepangiwa kulinda kambi alijikuta analazimika kujua mambo ambayo hayakuwamo katika mafunzo yake: kisima kiwe umbali gani kutoka chooni, maji yanatiririka kuelekea wapi, msitu utadumu miezi mingapi.

Jibu la pili ni chungu zaidi, kwa sababu lilitokana na kambi ya wanajeshi wenyewe. Mwezi Oktoba 2010, nchini Haiti, majitaka kutoka kambi moja ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa yaliingia katika kijito kinacholisha mto mkubwa wa nchi hiyo. Kipindupindu kilienea. Kwa miaka iliyofuata watu zaidi ya 800,000 waliugua na karibu 10,000 walikufa, na mwaka 2016 Umoja wa Mataifa ulikiri kwamba ulikuwa na sehemu katika janga hilo. Askari wa kambi ile hawakwenda Haiti kuua. Walikwenda kulinda amani. Lakini shimo la majitaka lililokaa vibaya liliangamiza watu wengi kuliko vita vingi viwezavyo. Majeshi ya Afrika Mashariki hupelekwa katika kazi kama hizo. Wanajeshi wa Tanzania walikuwa katika brigedi iliyoundwa kwa azimio la Baraza la Usalama la mwezi Machi 2013 kwa ajili ya mashariki ya Kongo. Kikosi kinachokwenda ugenini na mhandisi aliyesoma mambo ya maji na afya ya mazingira kimebeba silaha ambayo haionekani kwenye gwaride, na ambayo huokoa jina la taifa.

Jibu la tatu linawahusu hasa askari polisi. Kesi nyingi za uchafuzi hazishindwi mahakamani. Hushindwa kando ya mto, siku ya kwanza. Ofisa anachota maji kwa chupa iliyokuwa na soda, anaiweka juani ndani ya gari, haandiki saa wala mahali, kisha anaipeleka maabara baada ya siku tatu. Maji hayo hayasemi tena ukweli. Hewa ya oksijeni iliyoyeyuka ndani yake hubadilika haraka, ndiyo maana hupimwa au huhifadhiwa kwa dawa pale pale mtoni. Kipimo cha uchafu unaooza huhitaji siku 5 katika joto la nyuzi 20, na sampuli yake haina budi kufika maabara mapema ikiwa imepozwa kwa barafu. Chupa lazima iwe safi, iwe na lebo, itiwe lakiri, na kila mkono unaoipokea utie sahihi. Wakili wa mchafuzi anayajua haya yote. Ikiwa mpelelezi hayajui, basi mwenye kosa atatoka mahakamani akitabasamu.

Huko Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya madini ya risasi katika miili yao. Mama mmoja aliyekuwa ameajiriwa hapo, Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake mwenyewe ameathirika, akaanza kudai haki. Kilichowapa wanakijiji nguvu mahakamani ni vipimo: vipimo vya damu, vipimo vya udongo, vipimo vya vumbi. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi mjini humo iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na shauri likaendelea kupanda katika mahakama za juu. Machozi ya mama yaliwafanya watu wasikie. Namba za maabara ndizo zilizomlazimu hakimu kuamua. Na mwaka 2015 Kenya ilizindua maabara ya shirika lake la wanyamapori ya kutambua nyama na pembe kwa vinasaba, ili jangili asiweze tena kudai kwamba nyama ya swala ni ya mbuzi. Maabara kama hiyo huhitaji wasomi wa shahada za juu ndani yake. Na nje yake huhitaji askari anayejua kufunga kielelezo.

Jibu la nne limeandikwa kwa damu. Tarehe 24 Aprili 2020, walinzi 12 wa hifadhi ya Virunga waliuawa katika shambulio moja pamoja na raia kadhaa. Walinzi wa hifadhi hiyo waliouawa kazini tangu ilipoanzishwa mwaka 1925 wamepita 200. Ushujaa wao hauhitaji kusifiwa na mtu. Lakini ushujaa peke yake haukuweza kuuzima moto wa biashara ya makaa ambayo imeyalisha makundi yenye silaha, kwa sababu jikoni mjini Goma sufuria inahitaji moto kila jioni. Ndipo wasimamizi wa hifadhi walipojenga vituo vya umeme wa maji, kikiwamo kile cha Matebe kilichozinduliwa mwaka 2015, ili mji upate nishati nyingine. Huo ni uamuzi wa mtu aliyefundishwa kuuliza sababu ya sababu. Hata hivyo umeme haukuleta amani peke yake. Mwezi Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Bunduki bila elimu hukata matawi. Elimu bila ulinzi hukanyagwa. Zinapotengana, zote mbili hushindwa.

Nini basi cha kujifunza kutoka kwa majirani? Kwanza, kwamba kumruhusu mtumishi kwenda kusoma ni gharama ya ulinzi, sawa na gharama ya mafuta na ya viatu. Mkuu wa kikosi au wa kituo anayemnyima ruhusa ofisa wake hodari kwa kuwa atapungukiwa na mtu mmoja kwa miaka miwili, na afikirie atapungukiwa na nini kwa miaka 20 ijayo. Si jambo geni kwa majeshi. Maofisa wa ngazi za juu nchini Kenya wamewahi kusoma shahada za uzamili katika chuo chao cha ulinzi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Nairobi. Na Chuo cha Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, kimewafundisha walinzi wa wanyamapori wa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1963. Kinachotakiwa ni kuupanua mlango ulio wazi tayari.

Pili, kwamba nafasi ya masomo itolewe kwa tatizo, isitolewe kwa upendeleo. Atakayechaguliwa aulizwe kabla ya kuondoka: ni mto gani, msitu gani, kambi gani utakayoisoma, na ukirudi utabadilisha nini? Asiye na jibu amngojee mwenye jibu. Tatu, kwamba anaporudi apewe kazi inayolingana na alichosomea. Kumpeleka mhandisi wa majitaka kusimamia bohari la sare ni kuchoma fedha za umma hadharani, na ni kumfundisha yeye na wenzake kwamba kusoma hakuna maana.

Na nne, kwamba elimu ya wachache lazima iteremke kwa wengi. Si kila koplo atakwenda Makerere, wala si kila konstebo atakwenda Kinshasa. Lakini ofisa mmoja aliyerudi na shahada anaweza kukifundisha kikosi kizima, kwa asubuhi moja, namna ya kuchota sampuli ya maji, namna ya kuchagua mahali pa choo cha kambi, namna ya kutambua tathmini ya mazingira iliyonakiliwa kutoka mahali pengine. Asipofanya hivyo, shahada yake ni mali ya ukutani.

Gugu maji bado limo ziwani, likingoja mvua na majitaka. Halina bendera wala kamanda, na halitatia sahihi mkataba wowote wa amani. Linaweza kuzuiwa na nchi zinazolizunguka ziwa iwapo kila nchi itakuwa na watu wanaolielewa, na iwapo watu hao watakaa meza moja wakiongea lugha moja ya vipimo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Majirani wamekwisha kuanza kuziba ufa wao kwa kuwarudisha watumishi wao darasani. Askari alindaye mpaka na ajue kwamba darasa hilo nalo ni kituo cha ulinzi, na lina zamu yake.